Walituandikia "bili", mke wangu akafa kwenye maji: kisa cha mtaa wetu hapa Maryland

Wakuu, salaam kwenu.

Haya ninayoandika sijaongeza chumvi hata punje, na majina ya wahusika nayaweka wazi. Anayetaka kunishitaki anajua ninapokaa. Elimu yangu ni darasa la saba, kwa hiyo wale wazee wa kusahihisha herufi, leo nipumzisheni.

Naanzia pale pabaya kabisa, maana nikianzia mwanzo sitafika.

Ni saa kumi jioni. Nimesimama kwenye korido ya basement tunayopanga, yaani nyumba ya chini ya ardhi, maji yananifika magotini, nasukuma mlango wa chumba cha kulala. Mke wangu Felista yuko ndani. Maji yameingia chumbani kwa dirisha lililo usawa wa ardhi ya nje, na huko ndani yamejaa kuliko huku niliko. Mlango unafunguka kwa ndani. Mimi nasukuma, yeye anavuta, na maji yanaukandamiza kwenye fremu kama mtu kaupigilia misumari.

Na siyo hii milango ya Marekani ya maboksi ambayo ukiipiga teke inatoboka. Landlord wetu aliokota mlango wa mbao nzito kwenye nyumba aliyobomoa, akaja kutufungia sisi. Nimeupiga kwa stuli mpaka stuli imevunjika.

"Felista, panda kitandani!"

"Kitanda kinaelea, baba Rehema!"

"Dirishani! Pitia dirishani!"

"Kuna nondo!"

Nilikuwa najua kuna nondo. Nilimwambia tu, nilikuwa sina kingine cha kumwambia.

Halafu mlango wa nje ukaachia, maji ya kwenye ngazi yote yakaingia kwa mara moja, yakanibeba. Kilichonitoa ni mkono wa Papa Jules, Mkongo anayekaa juu yetu. Alishuka kwenye zile ngazi akanikamata kwenye kola.

"Acha mulango, papa! Acha mulango! Utakufa nawe!"

Nilimng'ata mkono ili aniachie. Hakuniachia.

Watu wa zimamoto waliniambia baadaye kwamba maji yakishalingana pande zote mbili, mlango kama ule hufunguka wenyewe. Ni kweli. Walipofika waliukuta wazi.

Nivute pumzi.

Sasa turudi nyuma.

Felista ni Mnyaturu wa Singida, na mtoto wetu Rehema yuko huko kwa bibi yake. Hapa alikuwa CNA kwenye nyumba ya wazee kule Lanham, shift ya usiku. Kuwageuza wazee, kuwaosha, kuwabadilisha. Mimi naosha vyombo jikoni kwenye jengo hilo hilo, lakini mchana. Kwa hiyo maisha yetu yalikuwa ya kupokezana. Yeye akirudi mimi natoka, mimi nikirudi yeye kalala. Alikuwa analala na feni kubwa inavuma pembeni na kanga kajifunika usoni, kwa sababu wanaokaa juu yetu wana watoto na mchana kuna kelele. Radi zote za siku ile hakuzisikia. Feni ilizimeza.

Mji wetu nitauita Kijitoni, kwa sababu una kijito nyuma ya nyumba zetu kinachoteremka kwenda Mto Anacostia. Ni mji mdogo ndani ya Prince George's County, lakini una meya wake, polisi wake, na mapipa ya taka yenye nembo yake. Upande wa juu kuna nyumba nzuri zenye bustani. Upande wa chini tuko sisi. Wakenya, Watanzania, Wakongo, na jamaa wa El Salvador.

Kijito kile kimekuwa kikitusumbua kwa muda mrefu. Kuna kalavati chini ya barabara, jembamba, la zamani. Mvua kubwa ikija linaziba na maji yanarudi mtaani. Kila mtu anajua, hata mtu wa posta anajua.

Wakuu, naomba hapa mnisikilize, maana ndipo kisa kilipo.

Mji mdogo kama wetu hauna ubavu wa kujenga kalavati jipya na kuweka pampu. Kwa hiyo kila kipindi cha baridi, wabunge wa jimbo wanapokutana Annapolis, mji unapeleka maombi: tusaidieni hiki, tusaidieni kile. Na kuna mfanyakazi wa mji ambaye kazi yake ni kufuatilia huko Annapolis. Muswada gani umeingia, upi utaubana mji, ombi letu la fedha limefika kamati gani. Wetu anaitwa Bwana Hollis. Kwenye website ya mji ana jedwali lake, analibadilisha kila wiki, kila muswada na hali yake.

Sikatai, ni kazi nzuri. Na mwaka ule Hollis alilipeleka ombi la kalavati na pampu, likawa na muswada wake kabisa. Kamati ikaweka siku ya kuwasikiliza watu. Hollis akataka wakazi wa chini waende wenyewe wakaeleze maji yanavyowaingilia, maana mbunge akiona sura za watu anaelewa haraka.

Tatizo, nani atuambie sisi wa Kiswahili?

Wakampa kazi Wycliffe Onderi.

Huyu ni Mkenya, msomi, anafanya kazi za kompyuta upande wa Virginia, kule Falls Church, lakini anakaa Kijitoni, upande wa juu. Ni mwenyekiti wa umoja wetu wa Afrika Mashariki na yuko kwenye kamati ya wakazi ya mji. Kwenye sherehe anaitwa "Mheshimiwa" na hakatai.

Onderi akaandika kwenye grupu la WhatsApp. Nanukuu kama ilivyokuwa:

"Wakazi wote mnajulishwa kuna bili ya mafuriko ya mtaa wetu Annapolis. Mnatakiwa mfike mtoe ushahidi. Usafiri upo."

Basi.

Nyie mnaosoma hapa mkiwa Dar au Nairobi, semeni ukweli. Mtu akikwambia kuna bili ya mafuriko, unaelewa nini?

Bili ya maji. Bili ya umeme. Bili ya hospitali, na hapa Marekani bili ya hospitali inaweza kukufanya uhame jimbo. Na ushahidi mtu anatoa mahakamani. Sasa changanya hayo mawili kwenye kichwa cha mtu ambaye makaratasi yake bado yanashughulikiwa uhamiaji.

Grupu lilivyowaka! Mama Shiku, Mkenya jirani yetu, akawa wa kwanza:

"Woiye, hiyo bili si yangu. Mimi ni tenant. Muulizeni landlord."

Jamaa wa Tanga akaandika: "Ushahidi wa nini jamani, nani kashitakiwa?"

"Mimi hata mafuriko sikuyaona, nilikuwa kazini."

"Mafuriko gani? Kwetu kulinyesha manyunyu tu, hahaha."

Papa Jules akatuma voice note: "Bili, njo facture, hapana? Mvua inatoka kwa Mungu, facture inatoka kwa nani?"

Tulicheka. Tulicheka sana siku ile.

Felista hakucheka. Alikuwa mtu wa kutaka mambo yanyooke. Akaandika kwa adabu zake zote: "Samahani kaka Wycliffe, hiyo bili ni kila nyumba au kila mtu?"

Mnaona? Alishajiandaa kulipa.

Hapo ndipo Onderi alikuwa na nafasi. Mtu mwenye akili zake akiulizwa swali kama lile anashtuka. Anajua kabisa hawa watu hawajanielewa. Aandike mstari mmoja tu, "Dada, siyo ya kulipa, ni muswada wa sheria, tunaomba msaada wa serikali." Basi, kila kitu kingebadilika.

Alijibu hivi: "Dada, tangazo lipo wazi. Tusome. Si kila kitu mtafuniwe."

Na akaweka ile emoji ya mtu anayejipiga kofi usoni.

Felista aliweka simu chini akaniambia, "Amenifokea kama mtoto mbele ya watu." Hakuuliza tena. Na grupu zima likanyamaza, kwa sababu nani mwingine atajitokeza kuonekana mjinga?

Siku ya kwenda Annapolis, van ya mji ilikuja kusimama pale kwenye kituo cha basi cha chini. Asubuhi, baridi kali. Nilikuwa hapo nasubiri basi la kazini. Dereva akafungua mlango, akawa anatupungia mkono kwa tabasamu. Watu wote kituoni wakaanza kuangalia simu zao. Upande wa pili wa barabara Mama Shiku alivuta pazia. Ndani ya van nilimuona Onderi na tai yake, Hollis, na mama mmoja mzungu wa kule juu ambaye nyumba yake maji hayajawahi hata kuisalimia.

Van ikasubiri, ikasubiri, ikaondoka.

Ombi likafia kwenye kamati. Naambiwa mwaka ule wenye shida walikuwa wengi na fedha kidogo. Annapolis siwalaumu sana, maana hawatujui. Hollis ndiye ninayemlaumu. Alijua. Kazi yake ni kujua. Siku ile ile alilibadilisha jedwali lake pale kwenye website: ombi limekwama. Na ofisi yake mpaka mtaani kwetu ni mwendo wa kumaliza sigara moja. Hakushuka. Hakutuma mtu na kipaza sauti aseme, "Jamani, pampu haiji mwaka huu, wa basement jihadharini." Hakumwambia landlord aondoe nondo. Alifuatilia muswada wake mpaka ukafa, akafunga kompyuta.

Miezi ikapita, joto likaja. Mliowahi kukaa maeneo haya mnazijua zile mvua za kiangazi za jioni. Mbingu inakuwa ya kijani, upepo, halafu ni kama mtu kafungulia bwawa. Nilikuwa nimerudi kutoka kazini muda si mrefu, nipo jikoni napasha wali. Nikasikia sauti kwenye ngazi za nje, nikadhani ni mtu anaburuza pipa la taka.

Yaliyofuata nimeshawaambia.

Tulimzika hapa hapa Maryland. Kumsafirisha ilishindikana. Ndugu walihudhuria kwa video, simu kashika Papa Jules mkono wake mmoja umefungwa bandeji, ule niliomng'ata.

Mama mkwe aliniuliza. "Mwanangu, maji ya wapi hayo? Marekani mto unaingiaje chumbani?" Kule Singida sisi shida yetu ni ukame, wakuu. Nikajaribu kumweleza habari ya kalavati. Akasema, "Huko nako kuna kalavati linaziba?" Nikasema ndiyo mama. 

(Naona mkuu mmoja hapo chini ananiuliza kwa nini tulipanga basement kama tunajua panajaa. Mkuu, njoo utafute nyumba huku kwa mshahara wa kuosha vyombo, halafu rudi uniulize vizuri.)

Baada ya mazishi mji ukaitisha mkutano wa wakazi kwenye ukumbi wa michezo. Safari hii walileta mkalimani wa kweli, binti wa Mombasa, ana Kiswahili chake kilichonyooka. Hollis akasimama. Akasema mji umehuzunika. Akasema "we reached out", yaani walitutafuta, na hakuna mkazi wa chini aliyejitokeza.

Binti akatafsiri taratibu: "Anasema, wakati muswada wa kuomba fedha za mafuriko ulipokuwa Annapolis, mlialikwa mkatoe maoni, na hamkwenda."

Mama Shiku akanyoosha mkono kabla hajamaliza.

"Ngoja, ngoja. Umesema nini? Mswada?"

"Ndiyo mama. Mswada."

"Mswada kama ule wa bunge?"

"Huo huo."

"Na ile bili?"

Binti akatazama karatasi yake, akatutazama sisi. "Bili gani, mama?"

Ukumbi mzima ukaguna. Siyo kelele. Mguno. Mzee mmoja wa Kigoma nyuma yangu akasema polepole, "Kumbe muswada," akarudia tena, "kumbe muswada," kama anaongea na mtu ndani ya shati lake. Jamaa wa Tanga akainamisha kichwa kati ya magoti. Papa Jules akaniangalia, akatikisa kichwa. "Walikuwa wanatuombea pampu," akasema, "na sisi tulikimbia facture."

Hollis anauliza kwa Kiingereza, what's going on, what did she say? Hakuna aliyemtafsiria. Binti mwenyewe alikuwa kaziba mdomo.

Mimi nikasimama. Onderi alikuwa safu ya mbele. Nikamwambia mbele ya meya, kwa Kiswahili, "Wycliffe, mke wangu alikuuliza."

Akageuka. Akavuta koti. Akasema, "Mzee, pole sana kwa msiba. Lakini bili, bill, si ni kitu kimoja? Mtu akiwa hii nchi anafaa ajue English kidogo."

Mama Shiku akamrukia: "Wewe ulituandikia kwa Kiswahili! Ungeandika hiyo English yako tungeitisha watoto watusomee!"

"Mum, sit down, please," binti yake Wambui akamvuta sketi. Hakukaa.

Onderi akasema siku ile siyo ya kutafuta mchawi. Akatoka kwenda kupokea simu. Sikusikia simu yoyote ikiita.

Ningeishia hapo ningesema ni uzembe. Msomi amedharau watu, amekosea neno, amekasirika kuulizwa. Watu wa namna hiyo wapo, tumewazoea.

Lakini kuna la zaidi, na ndilo lililonifanya nije humu.

Wambui anasoma chuo. Wiki moja baada ya mkutano alikuja kugonga kwa Papa Jules, ndiko nilikohifadhiwa. Akasema, "Uncle, there's a video. You should sit first." Kumbe vile vikao vya kamati za Annapolis huwa vinarekodiwa na mtu yeyote anaweza kuangalia. Akaniwekea kwenye simu yake.

Onderi anaonekana kakaa mezani mbele ya maiki, tai ile ile. Mbunge mmoja, mama wa makamo, anamuuliza kwa upole: wakazi wenyewe wa ule mtaa wako wapi, tungependa kuwasikia.

Akajibu. Wambui alinirudishia pale mara kadhaa mpaka nikaelewa bila kutafsiriwa. Alisema jamii yake siyo watu wa kujishughulisha na mambo haya. Alisema aliwaeleza na hawakuonyesha nia. "They're just not interested." Na akatabasamu kidogo, lile tabasamu la kuwaambia wakubwa kwamba yeye ni tofauti na sisi.

Mbunge akaandika kitu. Wakaenda kwenye ajenda nyingine.

Hollis alikuwa kakaa pembeni yake. Hakusema kitu.

Wakuu, hakusema hawakuelewa. Hakusema wanaogopa. Hakusema wako kazini wanaosha wazazi wa watu wengine. Alisema hatutaki. Felista aliyeuliza kama bili ni ya kila nyumba au kila mtu, akasemewa Annapolis kwamba hana nia.

Landlord wa nondo nimeshamwachia mwanasheria, sitaki kumwongelea hapa. Lakini hawa wawili mwanasheria ananiambia hawana kosa kisheria. Kutafsiri vibaya siyo jinai. Kunyamaza siyo jinai.

Na sasa Onderi anagombea udiwani wa mji. Vipeperushi vyake viko mpaka kwenye duka la nyama, kwa Kiswahili fasaha safari hii, vimeandikwa "Sauti ya Jamii Yetu". Na kipindi cha Annapolis kinakuja tena, Hollis anaandaa maombi mapya. Nimeenda kuuliza pale ofisini kama kalavati limo. Wamesema liko "under consideration". Wambui akanifafanulia: wanafikiria.

Nilichojifunza ni kifupi. Ukiwa ugenini usimwachie mtu mmoja kuwa mdomo wako, hata kama ana digrii na mnatoka pande moja. Ukiulizwa kitu na mtu asiyeelewa, mjibu. Na tangazo likija usilolielewa, sumbua. Gonga milango. Acha wakuone mjinga.

Mnaokaa huku DMV, yaani DC, Maryland na Virginia, na mnaojua sheria za Maryland, njooni na mawazo, hata inbox. Wa pole nashukuru, nimezipokea za kutosha.

Lakini wewe Wycliffe Onderi, najua humu unaingia, maana watu wako wameshaanza kunitukana hapo chini kwa majina ya bandia. Sitaki pole yako. Sitaki uje nyumbani na soda. Nataka kabla hujaomba kura hata moja ya mtaa wa chini, usimame kwenye kikao cha mji, wenye mji wote wakiwepo na Hollis akiwa pembeni yako kama ulivyokuwa naye siku ile, mtuambie ni nani kati yetu aliyewatuma mkaseme hatutaki.

Jina. Nataka jina la mtu mmoja tu.

Na useme kwa Kiswahili.